Windo la Kwanza Nje ya Kaunti, kwa Mfuko wa Mkulima wa Kuresoi

Vijana wengi wa Kuresoi wamekulia ukingoni mwa msitu wa Mau, na hamu ya kuwinda haijawahi kuwaisha. Swali ni wapi hamu hiyo inaweza kutimizwa bila kuvunja sheria wala kuuza ng'ombe.

Tuanze na sheria, maana ndiyo inayoamua mengine yote. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mnamo Mei 1977, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya ngozi, pembe na vitu vingine vya wanyamapori. Sheria ya wanyamapori ya 2013 ilishikilia msimamo huohuo. Hakuna leseni ya kuua paa iwe Nakuru, Narok au Laikipia, na anayekamatwa na nyama pori hakabiliwi na onyo tu bali faini au kifungo.

Marufuku hiyo haikuwaumiza wote sawasawa. Mgeni aliyekuja na bunduki alihamia nchi nyingine. Waogiek, ambao Tinet katika Kuresoi Kusini ni miongoni mwa maskani yao, walikuwa wakiishi kwa asali na mnyama wa msituni. Wao hawakuwa na pengine pa kuhamia. Mnamo Machi 2000 Mahakama Kuu iliwakatalia wakazi wa Tinet dai lao la kubaki msituni. Mei 2017 Mahakama ya Afrika, iliyoko Arusha, ikaamua kwamba serikali ilikiuka haki za Waogiek wa Mau, na kwamba hoja ya kulinda mazingira haikutosha kuhalalisha kuwafurusha. Kwa maoni yangu hukumu hiyo ingepaswa kusomwa katika kila shule ya Kuresoi, kwa kuwa inahusu ardhi ambayo watoto hao huiona kila asubuhi.

Je, kuvuka mpaka kwenda Tanzania? Huko uwindaji ni halali, lakini mgeni hupitia kampuni yenye kitalu cha uwindaji, huongozwa na mwindaji mwenye leseni, na hulipia kila siku na kila mnyama. Safari ya kumtafuta simba ni ya siku 21, na gharama yake hufika makumi ya maelfu ya dola. Kwa mkulima wa viazi, njia hiyo imefungwa.

Kinachobaki ni windo la macho: kumtafuta mnyama, kumsogelea, kumtazama kwa darubini na kumpiga picha. Tusilidharau. Kazi ngumu ya uwindaji tangu zamani ni kumjua mnyama, upepo na saa, na hiyo haijapigwa marufuku. Kutoka Kuresoi, mahali panapofaa zaidi kwa windo la kwanza nje ya kaunti ni Maasai Mara, na wengi hukosea kuupanga mwendo huo katika mambo mawili.

Kosa la kwanza ni njia. Anayetaka kwenda Mara husikia jina la Narok, basi hushuka Molo, akapita Nakuru na Naivasha, kisha Mai Mahiu, akalipa nauli ya kuzunguka milima yote. Ilhali kutoka Olenguruone barabara inateremka Silibwet hadi Bomet, na kutoka hapo ni Mulot, Lemek, Aitong na Talek, penye lango la hifadhi. Tena njia hiyo inafundisha. Karibu na Silibwet utavuka Nyangores, mto unaotoka Mau na kuungana na Amala kuwa Mto Mara wenyewe. Nyumbu wanaovuka kule chini wanaogelea katika maji yaliyotoka milima ya kwenu.

Kosa la pili ni wakati. Viazi vya mvua za masika wengi huvivuna Julai na Agosti, pesa zinapatikana, shule zimefungwa, na habari za nyumbu zinajaa redioni. Lakini miezi hiyo ndiyo Mara huwa ghali kupita zote. Mgeni kutoka ng'ambo hutozwa dola 100 kwa siku kati ya Januari na Juni, na 200 kati ya Julai na Desemba. Mwananchi hulipa kidogo sana kuliko hapo, ila kambi, magari na waongozaji vyote hupandisha bei kufuata msimu wa wageni. Mwenye mfuko mdogo na asubiri mavuno ya pili, aende mwishoni mwa Januari au Februari, kabla mvua za Machi hazijageuza udongo mweusi wa Mara kuwa tope la kunasa magurudumu. Nyumbu wengi watakuwa Serengeti, ni kweli, na hiyo ndiyo bei ya kupunguza gharama.

Hapo ndipo windo linapohitaji akili. Usiende kuona "wanyama", mchague mmoja. Mimi ningependekeza nyamera. Hahami na makundi makubwa, hupenda nyanda za majani, na husimama juu ya kichuguu kutazama maadui, akionekana kutoka mbali kama mlinzi. Ukimwona amekaza macho upande mmoja bila kutafuna, usimtazame yeye tena. Geuza darubini uelekee anakotazama. Mara nyingi kuna simba au duma nyasini. Aliyejifunza kusoma shingo ya nyamera hahitaji dereva wa kumwambia simba wako wapi.

Kuhusu pesa zenyewe: mzigo mkubwa ni gari, kwa kuwa hairuhusiwi kutembea kwa miguu ndani ya hifadhi. Basi msafiri mmoja asijaribu. Jikusanyeni kama chama mnavyofanya kwa mambo mengine, mkodi gari moja, mlale Talek nje ya lango katika kambi za wenyeji, na mbebe viazi, unga na maziwa yenu ya mursik. Ulizeni mapema ada ya gari, maana hutozwa kulingana na idadi ya viti, na mlipe kabla ya kufika langoni. Muwe mmeingia alfajiri, lango likifunguliwa, kwa sababu kufikia saa nne jua huwapeleka wanyama kivulini na ada mliyolipia huwa inaliwa bure.

Darubini nzuri moja inayozungushwa garini inafaa kuliko simu kumi zenye kamera.