Forodha Inaponyamaza

Hapa kwetu Uganda hatuna bahari. Mashine iagizwayo ng'ambo hushushwa Mombasa, na kwa kawaida haiji kwetu mpaka maofisa wa forodha wakadirie thamani yake na ushuru wake. Kazi hiyo ikichelewa, mwenye mali huumia. Mimi niliyaona hayo nyumbani.

Baba yangu mdogo aliagiza mashine ya kukoboa kahawa. Ofisa mmoja alitilia shaka bei iliyoandikwa katika ankara, akamwambia angoje. Akangoja majuma tisa. Gharama za ghala ziliongezeka kila siku, na msimu wa kahawa ukapita. Nilipomwuliza kwa nini hashitaki, alinijibu, "Mwanangu, hawajakataa, wamenyamaza tu. Nani atashitaki kimya?"

Niliporudi shuleni nilimweleza mwalimu wetu wa uraia, naye akanipa sheria niisome. Nikaona kwamba kimya nacho chashitakiwa.

Kwanza, iko Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Kifungu cha 229 chasema kwamba mtu aliyeguswa na uamuzi wa forodha, au na jambo ambalo forodha imeacha kulifanya, apeleke maombi kwa Kamishna katika siku 30 ili litazamwe upya. Kamishna naye amewekewa siku 30 za kujibu kwa maandishi, tangu apokee maombi na maelezo aliyoyataka. Zikipita bila jibu, yahesabiwa kwamba ameyakubali maombi.

Pili, Kamishna akikataa, mtu ana siku 45 za kukata rufani katika Baraza la Rufani za Kodi. Asiporidhika huko, aweza kwenda Mahakama Kuu juu ya hoja za sheria.

Tatu, Katiba yetu ya 1995, ibara ya 42, yampa kila mtu haki ya kutendewa kwa uadilifu na maofisa, na ya kwenda mahakamani juu ya uamuzi wao. Mahakama Kuu yaweza kumwamuru ofisa atimize wajibu wake. Lakini haitamkadiria mtu ushuru: itaamuru tu kazi ifanywe. Tena hutaka kwanza mtu awe amekwisha kuzipita njia zile nyingine.

Kosa la baba mdogo lilikuwa nini? Alikwenda ofisini mara nyingi, akasema kwa mdomo, wala hakuandika hata barua moja. Siku za sheria hazihesabiwi kwa maneno matupu. Zataka barua yenye tarehe, na nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa.

Mashine ilitolewa mwishowe, nayo yakoboa kahawa hata leo. Wazee walisema kimya kingi kina mshindo. Basi, wasomaji wenzangu, mkiona mzazi anangoja mlangoni pa ofisi, mwandikieni barua.