Mchumi Anapoingia Maabara

Kwa muda mrefu uchumi ulihesabiwa miongoni mwa elimu zisizo na maabara. Mkemia aweza kumwaga asidi juu ya chokaa mara mia, akaona kila mara kinachotokea. Mchumi hana uwezo wa kupandisha kodi ya nchi nzima leo na kuishusha kesho kwa ajili ya kutazama tu. Kwa hiyo alilazimika kuanza na dhana, na iliyokuwa kubwa kuliko zote ni kwamba kila mtu hupiga hesabu ya faida yake mwenyewe. John von Neumann na Oskar Morgenstern, waliochapisha kitabu chao cha nadharia ya michezo mwaka 1944, waliwapa wachumi hisabati ya kuchunguza maamuzi ambayo matokeo yake hutegemea pia maamuzi ya wengine. Hisabati hiyo ndiyo iliyowezesha dhana yenyewe kupimwa.

Mwaka 1982 Mjerumani Werner Güth na wenzake wawili walitoa taarifa ya jaribio jepesi mno. Chukua watu wawili wasiojuana. Wa kwanza hupewa fedha, mathalani shilingi 100, na kutakiwa kumgawia wa pili kiasi apendacho. Wa pili akikubali, kila mmoja huondoka na fungu lake. Akikataa, wote wawili hukosa. Mchezo huchezwa mara moja tu, wala hakuna majadiliano. Kwa hesabu ya faida tupu jibu ni dhahiri: shilingi moja ni bora kuliko kukosa, hivyo wa pili hatakataa chochote, na wa kwanza, akilijua hilo, atatoa shilingi moja.

Haikuwa hivyo. Mchezo huu umerudiwa katika vyuo vikuu vya nchi nyingi, na kwa kawaida wanafunzi hutoa kati ya 40 na 50 katika kila 100. Mafungu yaliyo chini ya 20 hukataliwa karibu nusu ya mara yanapotolewa. Anayekataa shilingi 15 hujinyima mwenyewe ili mchoyo naye akose. Mtu wa namna hiyo hana nafasi katika dhana ya zamani.

Lakini je, mwanafunzi wa chuo kikuu aweza kusimama badala ya wanadamu wote? Joseph Henrich, mtaalamu wa elimu ya jamii na tamaduni, aliupeleka mchezo kwa Wamachiguenga wa misitu ya Peru. Hao walitoa wastani wa asilimia 26, na mafungu madogo yalipokelewa karibu yote bila kinyongo. Kutokana na mshangao huo, wachumi na wataalamu wa tamaduni waliungana kuufanya katika jamii ndogo 15 za nchi 12, wakatangaza matokeo mwaka 2001. Wavuvi wa nyangumi wa Lamalera, Indonesia, ambao hakuna awezaye kwenda kuwinda peke yake, walitoa zaidi ya nusu. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi walitoa wastani wa asilimia 40 katika kambi kubwa, na 27 katika kambi ndogo. Jamii zilizozoea kushirikiana na kufanya biashara na watu wasio wa ukoo ziliwagawia wageni zaidi. Wanaodhani kwamba soko daima huua ukarimu hawana budi kulitafakari hilo, ingawa uhusiano wa mambo mawili si ushahidi kwamba moja limezaa jingine.

Jambo lenye mafunzo zaidi lilitokea kwa Waorma, wafugaji wa eneo la Mto Tana nchini Kenya, ambako Jean Ensminger alileta mchezo wa pili. Watu wanne hupewa shilingi 50 kila mmoja. Kila mtu hutia katika kapu la pamoja kiasi atakacho, kwa siri; kilichomo huongezwa mara mbili, kisha hugawanywa sawasawa kwa wote wanne. Wote wakitia zote, kila mmoja hupata 100. Lakini anayetia 50 peke yake hurudishiwa 25, huku wenzake watatu wakipokea 25 kila mmoja bila jasho. Kwa hesabu ya ubinafsi, basi, kapu litabaki tupu.

Waorma walipoelezwa kanuni hizo waliupa mchezo jina mara moja: harambee. Kwao haukuwa fumbo la hisabati. Ulikuwa ni mchango ule ule wa kujenga shule na barabara, nao walitia wastani wa asilimia 58. (Mwalimu aweza kuujaribu darasani kwa punje za maharage, kwanza kimyakimya, kisha baada ya wanafunzi kuruhusiwa kusemezana, na kulinganisha makapu mawili.)

Kutoka mezani majaribio yamehamia kwenye sera. Katika miaka ya 2000 mabishano yalikuwa makali kuhusu vyandarua vyenye dawa ya mbu: vitolewe bure, au viuzwe kwa bei nafuu? Waliotetea bei walidai kwamba kitu cha bure hakithaminiwi, na kwamba chandarua kingeishia kuwa wavu wa samaki. Jessica Cohen na Pascaline Dupas walichukua vituo 20 vya kliniki ya wajawazito magharibi mwa Kenya, wakavipangia kwa kura: baadhi vitoe bure, vingine viuze kwa bei mbalimbali zisizozidi shilingi 40, vichache vibaki vya kulinganishia.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Bei ya shilingi 40 tu, ikilinganishwa na bure, iliwapunguza wachukuaji kwa takriban wanawake 60 katika kila 100. Majumbani, waliolipa hawakuonekana kukitumia chandarua zaidi ya waliopewa bure. Wala bei haikuwachuja wagonjwa wakabaki wao: wanunuzi hawakuwa na upungufu wa damu kuliko wengine.

Ilibaki hofu moja, kwamba aliyezoeshwa bure hatanunua tena. Dupas aliipima nayo, katika utafiti mwingine wa Kenya uliochapishwa mwaka 2014. Kaya zilizopata chandarua cha kwanza bure au kwa bei ndogo sana ndizo zilizokuwa tayari zaidi, mwaka mmoja baadaye, kutoa fedha kununua cha pili.