Uzazi wa Mpango: Hitaji Linalokokotolewa (Sehemu ya Pili)

Baada ya kueleza juma lililopita jinsi kaya zinavyochaguliwa kwa tafiti za kitaifa za afya, leo tuingie ndani ya dodoso lenyewe, kwenye takwimu ambayo mipango ya afya huitegemea sana: hitaji la uzazi wa mpango lisilotimizwa. Utafiti wa Tanzania wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 38 ya wanawake walioolewa, wenye miaka 15 hadi 49, wanatumia njia yoyote ile, 31 kati yao za kisasa, na wengine asilimia 21 wana hitaji lisilotimizwa. Wengi huisoma 21 hiyo kana kwamba ni foleni ya wanawake waliofika zahanati wakakosa sindano au kipandikizi. Sivyo ilivyo, na anayeisoma hivyo atapanga vibaya.

Katika dodoso zima hakuna mwanamke anayeulizwa kama ana hitaji. Huulizwa kama anatumia njia yoyote, kama anataka mtoto mwingine na baada ya muda gani. Mwenye mimba, au aliyejifungua karibuni na hedhi haijarudi, huulizwa kama mimba ile aliitaka wakati ule, aliitaka baadaye au hakuitaka kabisa. Majibu haya ndiyo yanayokokotolewa. Asiyetumia njia, anayeweza kushika mimba, na anayetaka kungoja miaka miwili au zaidi, au asiyetaka kuzaa tena, huwekwa kwenye kundi la hitaji. Wanaotumia wakijumlishwa na kundi hilo hupatikana kile watafiti wanachokiita mahitaji yote, yaani asilimia 59. Hapo ndipo penye utata: mwanamke amesema anachotaka kuhusu watoto, lakini kuhusu vidonge au kitanzi hajasema neno.

Kuna wanaopinga wakisema kuuliza kwa kuzunguka ndiko kunakoleta ukweli, maana mama anayeulizwa waziwazi, mume akiwa uani, atajibu la kumridhisha mume. Hoja hii ina uzito, na naikubali: maswali hayo yabaki. Lakini hata njia ya kuzunguka ina mtego wake. Mama anayemnyonyesha mtoto ni vigumu kutamka mbele ya mgeni kwamba mimba yake hakuitaka. Mtoto amekwisha kuwa mtu, ana jina, anapendwa, na kumbukumbu ya mama huufuata upendo huo. Kwa hiyo upande huu takwimu huenda inapunguza hitaji, wakati upande mwingine inamhesabu hata yule ambaye mumewe yuko safarini miezi mingi na haoni sababu ya kutumia chochote.

Tena takwimu hii haisomwi peke yake. Katika utafiti wa 2015–16 hitaji lisilotimizwa lilikuwa asilimia 22, na watumiaji wa njia yoyote walikuwa 38 vilevile. Mtu ataona hakuna kilichosogea. Hata hivyo, hitaji hupanda pia pale wanawake wanapoanza kutaka watoto wachache kabla huduma haijawafuata, na hushuka pale wanapotamani familia kubwa. Nchi yenye hitaji dogo yaweza kuwa imehudumia vyema, kama Kenya inavyoelekea kwa asilimia 14 yake ya mwaka 2022 huku watumiaji wakiwa 63, au yaweza kuwa nchi ambayo wanawake bado wanataka watoto wengi.

Wengine wanahofia kwamba kuihoji takwimu hii ni kuwapa wabana bajeti kisingizio. Nadhani hatari iko upande wa pili. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kuwa wasiotumia hutaja zaidi hofu ya madhara, kukutana na mume kwa nadra, au upinzani wa mume na jamaa, kuliko bei au umbali wa kituo. Ukipeleka shehena ya sindano kwa mama aliyeacha sindano kwa sababu ya kutokwa damu mfululizo, hujamsaidia. Anahitaji mhudumu mwenye muda wa kumsikiliza na kumpa njia nyingine. Maswali ya kumtambua mama huyo yamo tayari kwenye tafiti hizi: kwa nini uliacha, je, unakusudia kutumia siku zijazo? Majibu yake yachapwe ukurasa uleule wenye ile asilimia 21, mkoa kwa mkoa, ili mganga mkuu wa wilaya anayegawa fedha ayaone kabla hajaagiza dawa.