Taka za Hospitali Katika Delta ya Tana

Sehemu kubwa ya taka za hospitali haina hatari zaidi ya taka za nyumbani. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa asilimia 85 ni karatasi, maboksi na masalio ya chakula. Asilimia 15 iliyobaki ndiyo yenye viini vya maradhi, ncha kali, kemikali au mionzi, nayo ikichanganywa na nyingine, zote huwa hatari.

Kwa hiyo kazi huanzia kando ya kitanda cha mgonjwa. Nchini Kenya mfuko mweusi ni wa taka za kawaida, wa manjano ni wa taka zenye viini, na mwekundu ni wa zile za hatari zaidi. Sindano iliyotumika hairudishiwi kifuniko. Hutiwa papo hapo katika kisanduku kigumu, ambacho hufungwa kikijaa robo tatu. Aliyedungwa na sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa ya ini aina ya B, naye hajachanjwa, anaweza kuambukizwa kwa uwezekano wa hadi asilimia 30. Kwa virusi vya ukimwi ni takriban asilimia 0.3. Wafagiaji na wabeba taka, ambao hawakuishika sindano hiyo wakimtibu mtu, wangestahili kuwa mstari wa mbele kuchanjwa.

Ugumu wa hospitali ya Ngao, karibu na Garsen katika Delta ya Tana, ni ardhi yenyewe. Kondo la nyuma huzikwa katika shimo maalumu, na kitako cha shimo hilo hutakiwa kiwe takriban mita 2 juu ya maji ya ardhini. Kwenye bonde ambalo Mto Tana hulifunika, kama ulivyofanya wakati wa El Niño ya 1997 na tena Novemba 2023, kipimo hicho ni shida kukipata. Shimo likifurika, uchafu huelea hadi visimani. Hapo hufaa kuchagua mwinuko, kujenga ukuta wa saruji na kuinua mdomo wa shimo juu ya usawa wa mafuriko.

Kuchoma nako kuna masharti: tanuri la vyumba viwili, joto la nyuzi 850 au zaidi, na taka kavu. Moto hafifu huacha sindano nzima majivuni, na plastiki hutoa sumu ya dayoksini, ambayo Kenya iliahidi kuipunguza iliporidhia Mkataba wa Stockholm mwaka 2004. Kuchomea taka shimoni wazi si kuzitupa salama, hata moshi ukipeperushwa mbali na wodi.