Mbio za matanga: Namna Ainslie alimfungia Scheidt upepo kule Sydney

Mtu akisikia mashindano ya mashua, anafikiri mara moja kama mwenye mbio zaidi njo atapata zahabu. Kwa mashua ndogo za tanga haiko vile kila siku. Mwezi wa 9 mwaka 2000, ku Michezo ya Olimpiki ya Sydney, Mwingereza Ben Ainslie alipata medali ya zahabu kisha kumaliza mbio ya mwisho nyuma kabisa ya wengi. Aliyeshindwa, Robert Scheidt wa Brazili, ndiye alikuwa anaongoza asubuhi ya siku ile.

Wote wawili walikuwa ku mashua aina ya Laser: mtu mmoja, tanga moja, urefu wa metre 4 na kidogo. Mashua zote ni sawasawa, hakuna mwenye mota ama tanga kubwa kuliko mwenzake. Basi kinachobaki ni kujua upepo, na kujua mahali pa kukaa.

Wavuvi wa Kivu ama Tanganyika wenye kasia ao mota wanaweza kuelekeza mtumbwi moja kwa moja kule upepo unatoka. Mashua ya tanga haiwezi. Inapaswa kwenda kwa kona-kona, kuume halafu kushoto, mpaka ifike ku boya la kwanza, ambalo waandaaji huliweka makusudi upande wa upepo. Kila kugeuka kunakula mwendo.

Hapo njo mchezo wenyewe unaanza. Tanga likishapita, upepo unaobaki nyuma yake ni dhaifu na umevurugika. Ni sawa vile pikipiki nyuma ya lori ku barabara ya vumbi: ukibaki pale hauone mbele, ukitaka kutoka lazima uende pembeni. Mshindani mwenye akili anakaa kati ya mwenzake na upepo. Yule akigeuka ili apate hewa safi, naye anageuka. Wanaenda vile, mmoja anakimbia kivuli, mwingine anamletea kivuli.

Lakini hauwezi kumfungia mtu njia ovyo. Mashua inayopokea upepo upande wa kuume ina haki ya njia mbele ya ile inayoupokea upande wa kushoto. Mbili zikipokea upepo upande mmoja, ile iliyo karibu na kule upepo unatoka inapisha iliyo chini. Na anayegeuka anapaswa kuhakikisha hamsumbui mtu. Sheria hizi ni ulinzi, lakini zinakuwa pia silaha: ukijiweka chini kidogo ya mwenzako mbele ya laini ya kuanzia, yeye njo anapaswa kupisha, na kumbe hawezi tena kwenda kule alitaka.

Ainslie alijifunza somo hili kwa uchungu. Mwaka 1996, mashindano ya matanga ya Olimpiki ya Atlanta yalifanyika Savannah, naye alikuwa na miaka 19. Mbio ya mwisho ilikuwa chini ya bendera nyeusi, maana yake yeyote anayevuka laini mbele ya wakati, katika dakika ile ya mwisho, anaondolewa. Scheidt alivuka mapema, Ainslie akamfuata. Wote wakaondolewa. Kwa Scheidt haikuwa shida, kwa sababu alikuwa tayari mbele kwa pointi. Zahabu ikaenda Brazili.

Kule Sydney hesabu iligeuka. Wa kwanza anapata pointi 1, wa pili 2, na kuendelea. Mwenye pointi chache anashinda. Kisha kila mmoja anafuta mbio zake mbaya zaidi. Ainslie aliona kama kumpita Scheidt kawaida ni vigumu sana, lakini akimshusha kupita nafasi ya 20 hivi, katika mashua 43, atapata zahabu hata yeye mwenyewe akiwa wa mwisho. Mbio yake mbaya angeifuta.

Basi hakushindana na wengine 41. Alimzunguka Scheidt mbele ya kuanza, akamfuata, akamkalia juu ya upepo, wakabaki nyuma wawili huku kundi linaenda zake. Scheidt alipigana kurudi mbele, na katika kutafuta nafasi ya kupita mashua zao zikagusana. Waamuzi walisikiliza kesi wakamwondoa Scheidt katika mbio ile. Alibaki na fedha.

Brazili watu walikasirika sana, wakisema huu si michezo. Hasira yao inaeleweka. Lakini Ainslie hakuvunja sheria, na Scheidt mwenyewe hakuwa mgeni wa mbinu hizi. Mwaka 2004 alirudi akapata zahabu nyingine ya Laser. Ainslie alikuwa amekwisha kuhamia mashua nzito zaidi, aina ya Finn, akashinda kule 2004, 2008 na 2012.

Tangu 2008, mbio ya mwisho ya Laser ku Olimpiki inafanywa na mashua 10 za kwanza tu, pointi zinahesabiwa mara mbili, na hakuna anayeruhusiwa kuifuta. Kumfungia mtu upepo bado inawezekana, lakini anayebaki nyuma pamoja na mwenzake sasa analipa pia.