Kung Fu ya Kusini mwa China katika Simu za Kolwezi

Kolwezi, makao makuu ya jimbo la Lualaba tangu mwaka 2015, ni mji wa shaba na kobalti ambamo kampuni za Kichina zimekuwa sehemu ya maisha ya kila siku: Sicomines, iliyotokana na mkataba wa mwaka 2008 kati ya serikali ya Kongo na makampuni ya China, inachimba kando ya mji, COMMUS, ya kundi la Zijin, inachimba karibu kabisa na makazi ya watu, na mgodi wa Tenke Fungurume, ulioko upande wa mashariki, uliingia mikononi mwa kampuni iitwayo leo CMOC mwaka 2016. Hata hivyo, mhandisi au fundi aliyetoka China si lazima awe anajua kung fu, na hata anayeijua huenda anaishi ndani ya kambi ya kazi isiyoingiwa ovyo. Kwa hiyo kijana wa Kolwezi anayetamani mitindo ya kusini mwa China hutegemea simu yake na video za mafunzo. Sayansi ya ujifunzaji wa mwendo, yaani elimu ya namna ubongo na misuli vinavyopata ustadi mpya, inaweza kueleza ni mambo gani yanayopita katika kioo cha simu na kumfikia mwanafunzi, na ni yapi yanayokwama.

Mitindo inayoitwa ya kusini ilikulia hasa katika majimbo ya Guangdong na Fujian, na kwa kawaida hutambulika kwa mikao iliyotulia, mikono inayofanya kazi karibu na mwili, na mateke machache yasiyopanda juu sana. Hung Gar, uliopata sifa kupitia Wong Fei-hung, mganga na mpiganaji wa Foshan, hujenga miguu kwa mkao wa farasi, ambao mwanafunzi hupanua miguu na kushusha mapaja kana kwamba amepanda mnyama huyo. Wing Chun ulienezwa Hong Kong na Ip Man, aliyezaliwa Foshan mwaka 1893, na miongoni mwa wanafunzi wake alikuwa Bruce Lee. Mtindo huu hulinda mstari wa kati wa mwili na hutegemea sana nafasi ya kiwiko.

Kuhifadhi mitindo hii kwa picha kulianza kabla ya simu. Lam Sai-wing, mwanafunzi wa Wong Fei-hung, aliacha vitabu vyenye michoro ya miendo ya Hung Gar. Ip Man naye alirekodiwa mwaka 1972, akiwa mgonjwa na zikiwa zimebaki siku chache kabla ya kufa, akionyesha sehemu za mtindo wake pamoja na mazoezi ya gogo la mbao, ambalo ni mlingoti wenye mikono mitatu na mguu mmoja unaochukua nafasi ya mpinzani. Filamu hiyo haina sauti, na hadi leo walimu huirejea ili kujua mkono ulipita wapi. Lakini inaonyesha njia ya mkono tu, wala haisemi ni nguvu kiasi gani iliyokuwa ikisukuma gogo, na hapo ndipo kilipo kikomo cha kila video ya mafunzo iliyofuata.

Kwamba kutazama kunafundisha si jambo la kutiliwa shaka. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Parma, Italia, wakiongozwa na Giacomo Rizzolatti, walieleza kuwepo kwa seli za neva katika ubongo wa nyani ambazo huamka mnyama anaposhika kitu na pia anapomwona mwingine akikishika. Mwaka 2005 Beatriz Calvo-Merino na wenzake walichapisha utafiti ambamo wachezaji wa baleti, mabingwa wa capoeira na watu wasiocheza chochote walionyeshwa video za michezo hiyo miwili huku ubongo wao ukipigwa picha kwa mashine ya sumaku. Maeneo ya ubongo yanayohusika na mwendo yaliamka zaidi pale mtazamaji alipoona miondoko ambayo mwili wake mwenyewe ulikuwa umeizoea. Kutokana na hayo inaeleweka kwa nini video ileile humnufaisha zaidi kijana aliyekwisha kupita katika judo au karate kuliko yule anayeanza na mikono mitupu.

Kutazama kuna mtego wake pia. Michael Kardas na Ed O'Brien wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha mwaka 2018 kwamba watu waliotazama video ya ustadi fulani mara nyingi, kwa mfano kurusha vishale kwenye shabaha, walizidi kujiamini kuwa wataweza, ilhali walipojaribu hawakufanya vizuri zaidi kuliko waliotazama mara moja. Macho huzoea mwendo upesi, na ubongo hudhani kuwa mazoea hayo ni uwezo.

Picha yenyewe nayo hupunguza habari. Mwanafunzi anayebana matumizi ya mega, kama vifurushi vya intaneti vinavyoitwa mitaani, huchagua video ya ubora wa chini yenye mistari 144 tu. Mwalimu mwenye urefu wa mita 1.7 akijaza picha yote kutoka juu hadi chini, kila mstari hubeba zaidi ya sentimita moja ya mwili wake, na kosa dogo la kifundo cha mkono hupotea ndani ya mstari mmoja au miwili. Kwa video ya picha 30 kwa sekunde, ngumi inayokwenda mita 6 kwa sekunde husogea sentimita 20 kati ya picha moja na inayofuata. Mahali kamera iliposimama ni tatizo lingine: katika mkao wa msingi wa Wing Chun, ambao magoti huelekea ndani, kamera ya mbele huonyesha magoti yakikaribiana bila kuonyesha kwamba mzunguko unatoka kwenye nyonga. Mwanafunzi anayeiga umbo hilo hulazimisha goti kujisokota, ingawa goti limeumbwa hasa kukunja na kukunjua, na maumivu humjia baada ya wiki kadhaa bila kujua chanzo chake.

Kinachokwama zaidi ni hisi ya mguso. Zoezi la Wing Chun linaloitwa chi sao huwakutanisha wanafunzi wawili wakiwa wamegusanisha mikono, kila mmoja akisikiliza msukumo wa mwenzake na kuujibu bila kutegemea macho, na zoezi hili lina msingi wa kifiziolojia. Mtu huhitaji takriban sekunde 0.2 kuitikia kitu alichokiona, kwa kuwa mwanga hugeuzwa kwanza kuwa ishara za neva katika jicho na ishara hizo hupitia hatua nyingi za ubongo. Mguso huitikiwa mapema zaidi kidogo, na msuli unaovutwa ghafla huanza kujibu kupitia uti wa mgongo ndani ya sekunde 0.05 hivi. Vipokezi vilivyomo ndani ya misuli hupima urefu na kasi ya mvutano, na vile vya kwenye kano hupima nguvu. Taarifa zao hazipigwi picha na kamera yoyote. Anayejifunza peke yake hupata umbo sahihi la mkono usiowahi kukutana na upinzani.

Kwa hiyo matumizi bora ya video ni yale yanayoigawia kazi inayoiweza. Wanafunzi wawili wenye simu moja wanaweza kupakua sehemu fupi ya ubora wa juu, kuitazama mara chache, kuifanya, kujirekodi kwa mbele na kwa ubavu, kisha kulinganisha rekodi zao na ya mwalimu, na nusu ya pili ya zoezi wakaifanya kwa kugusana mikono bila simu. Usingizi nao ni sehemu ya mafunzo: utafiti wa Matthew Walker na wenzake wa mwaka 2002 ulionyesha kuwa watu waliojifunza mfuatano wa miondoko ya vidole waliongeza kasi kwa takriban asilimia 20 baada ya kulala usiku mmoja, bila mazoezi ya ziada, jambo linalomhusu sana mfanyakazi wa mgodini anayefanya mazoezi baada ya zamu ya usiku.

Mahali pa mazoezi pia hapatajwi katika video zilizorekodiwa katika kumbi za Hong Kong, ingawa ndipo inapotoka hewa anayovuta mwanafunzi. Mtu mzima aliyepumzika huvuta lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika, na katika mazoezi makali anaweza kupita lita 100. Watafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven waliripoti mwaka 2018 kwamba wakazi wa Kasulo, mtaa wa Kolwezi uliochimbwa kobalti katikati ya nyumba, walikuwa na kobalti nyingi mwilini kuliko wakazi wa eneo jirani lisilochimbwa, na watoto waliathirika zaidi. Wakati wa kiangazi, vumbi linapotimka barabarani malori ya madini yanapopita, mazoezi ya kushusha mkao na kupumua kwa nguvu yanafaa kufanyiwa ndani, juu ya sakafu iliyopigwa maji, au mbali na barabara hizo.

Kijana wa Kolwezi anayefuata utaratibu huo hatapata kila alichopata mwanafunzi aliyeshikwa mkono na Ip Man, lakini atapata umbo lililokaguliwa, mwenzake wa kumjaribu, na njia ya kutambua kosa lake kabla goti halijaumia. Siku atakapopata mwalimu, awe Mkongo au Mchina, mafunzo yao yataanzia kwenye nguvu na wakati wa kuitumia, kwa sababu umbo atakuwa amekwisha kulijua.