Mwana Kupona: Maana na Asili ya Jina Adimu

Ni vigumu kumpata mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili asiyelijua jina la Mwana Kupona. Utendi wake, uliotungwa mwaka wa 1275 wa Hijria, yaani 1858, umehaririwa, umetafsiriwa na kuhakikiwa mara nyingi. Hata hivyo, ni wanawake wachache mno wanaoitwa kwa jina hilo, na hata wasomi wanaolitaja kila uchao hulikata pasipofaa. Si nadra kuona katika marejeleo ya tasnifu mtunzi huyu akiorodheshwa chini ya herufi K, kwa umbo la "Kupona, M.", kana kwamba Mwana ndilo jina lake la kwanza na Kupona ni la ukoo. Chanzo cha kosa hili ni neno mwana.

Katika Kiswahili sanifu, mwana ni mtoto, awe wa kiume au wa kike. Kwa kushikilia maana hiyo, wapo wanaolifasiri jina hili kuwa "mtoto wa kupona", yaani mtoto aliyenusurika. Fasiri hiyo inavutia, lakini haisimami. Katika lahaja za kaskazini, hususan Kiamu, Kipate na Kisiu, Mwana lilikuwa pia neno la heshima la kumtaja mwanamke mwungwana, sawa na Bibi. Malkia aliyetawala Pate katika karne ya 18 alijulikana kama Mwana Khadija. Binti aliyetungiwa utendi huo aliitwa Mwana Hashima, na hakuna atakayedai kuwa alikuwa mtoto wa mtu aitwaye Hashima, kwani mamaye anajulikana. Mume wa mtunzi, kiongozi wa Siu aliyepambana na utawala wa Sayyid Said wa Unguja na kufariki mwaka wa 1856, alifahamika kama Bwana Mataka. Basi katika nyumba moja palikuwa na Bwana na Mwana.

Ushahidi mzito zaidi umo katika majina ambayo bado yanasikika pwani nzima. Mwanajuma, Mwanahamisi na Mwanakombo ni majina ya kike. Wenzao wa kiume ni Mwinyijuma, Mwinyihamisi na Mwinyikombo. Iwapo mwana hapa lingekuwa na maana ya mtoto tu, pasingekuwa na sababu ya kumnyima mvulana aliyezaliwa Ijumaa jina la Mwanajuma, kwa kuwa naye ni mwana. Kinyume chake, Mwana limesimama mkabala na Mwinyi, neno lililotumiwa kuwatukuza wanaume wa hadhi. Heshima hiyo imechakaa kwa muda mrefu hata Mwana likabaki kuwa alama ya jina la kike tu, nalo likaunganishwa na jina linalolifuata. Ndivyo Mwana Aisha alivyokuwa Mwanaisha, kisha Mwanasha. Jambo kama hilo lilimfika pia Siti binti Saad wa Unguja: jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa, lakini Siti, ambalo nalo ni neno la kumtukuza bibi, ndilo lililobaki.

Kwa hiyo jina halisi la mtunzi ni Kupona, na baba yake ni Msham. Kisarufi, Kupona ni nomino iliyotokana na kitenzi, na si majina mengi ya watu yaliyo katika ngeli ya KU. Kimaana, laingia katika kundi la majina yanayosimulia hali ya uzazi au ya nyumba, kama vile Tabu, Shida, Mashaka na Sikujua. Tofauti ni kwamba hayo hutaja dhiki yenyewe, ilhali Kupona hutaja mwisho wake. Kitenzi pona kina matumizi mawili: mgonjwa hupona maradhi, na aliyekumbwa na hatari hupona kwa kuiepuka. Jina halibainishi ni lipi kati ya hayo, wala halisemi kama aliyepona ni mama au ni mtoto. Ajabu ni kwamba mwenye jina hilo aliutunga utendi wake akiwa mgonjwa, na mwenyewe ataja ndani yake kwamba maradhi yalikuwa yametimiza mwaka. Hakuishi miaka mingi baada ya hapo.

Kuhusu uadimu wake, umaarufu wa utendi haukulisaidia jina. Wazazi wa pwani wanaotaka kushukuru kwa kuokoka mama au mtoto wanalo jina la Salama, lenye maana iliyo karibu sana na hiyo, na ambalo asili yake ya Kiarabu huliongezea mvuto. Aidha, Mwana limekoma kuwa heshima hai. Anayelisikia jina la Mwanakupona leo hulisikia kama neno moja refu, si kama Bibi Kupona.

Katika beti za mwisho mtunzi anajitaja kwa jina lake na la baba yake, na kuutaja mji wa Pate alikozaliwa. Hakutaja jina la ukoo. Hivyo, katika orodha ya marejeleo, anastahili kuwekwa chini ya herufi M, kwa jina zima: Mwana Kupona binti Msham.